Programu yangu imesema haina uhakika, na shangazi kaipenda

Jamani, leo nimeshangilia asilimia 52 kama goli la dakika ya mwisho!

Mnaikumbuka ile programu yangu inayotazama picha ya dagaa na kusema wamekauka au bado?

Wiki iliyopita ilionyeshwa kandambili ya shangazi yangu, anayeanika dagaa hapa mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa wanakotia nanga wavuvi. Ikajibu: "Wamekauka, asilimia 99."

Shangazi alicheka hadi akakaa mchangani.

Nikairudisha darasani. Ikijifunza, kila kosa lina adhabu, na ukubwa wa adhabu naupanga mimi. Safari hii nikakaza adhabu ya kukosea huku inajiamini. Nimebadilisha namba hadi macho yamekauka kuliko dagaa.

Leo asubuhi nikapiga picha ya kichanja kizima cha dagaa wa shangazi, akina mama waanikaji wote wananitazama.

"Wamekauka, asilimia 52. Sina uhakika."

Vicheko! Mmoja akauliza, "Ndicho ulichokisomea hicho?" Nilitamani ziwa linimeze.

Ila shangazi hakucheka. Akavunja dagaa mmoja, akanusa. Akavunja mwingine.

"Huyu mkavu. Huyu bado mbichi tumboni. Hata mimi nilikuwa sijaamua." Akaitazama simu. "Sasa ina adabu. Hii naweza kufanya nayo kazi."

Niliruka kwa furaha, nikatua katikati ya dagaa wake.

Hapo shangazi hakuwa na shaka hata chembe. Ile kandambili imenipata mgongoni.

Chekeni tu, nawasoma.