Okidi Kumi na Mbili za Praxeda

Praxeda alikuwa na mkono wa kupanda na ulimi wa pilipili. Uani kwake Chumbageni zilining'inia okidi kumi na mbili: nyeupe zenye umbo la nyota, za manjano ndogo kama punje ya mchele, nyingine za zambarau. Nyingi alizitoa kwenye miti iliyoangushwa milimani Amani, alikozaliwa. "Ukiipa udongo umeizika," aliwaambia waliotaka mbegu. Yeye alizifunga juu ya vifuu kwa vipande vya kaniki na kuzinyunyizia maji alfajiri huku akizisemesha, mpaka mizizi ikang'ang'ania kifuu.

Kaniki, vifuu, bibi anayenong'ona alfajiri! Jirani yake Shaib alijumlisha anavyojua yeye. Mimba ya pili ya mkewe, Maryam, ilipoharibika, alivunja mlango wa ua Ijumaa asubuhi, panga mkononi na kundi la watu nyuma.

"Fungua tuone ulichomfungia mke wangu!"

"Maua haya, mwanangu."

Jiwe likampasua paji la uso. Mmoja akamburuta kwa nywele hadi penye vifuu. Praxeda akafungua. Kuibandua okidi ni kuikata mizizi, naye alizibandua moja moja akiwaporomoshea matusi, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Kumi na moja. Hakuna hirizi, hakuna ukucha, hakuna unywele.

Ya kumi na mbili aliikumbatia. Marehemu mumewe, Timotheo, aliishusha mtini wiki aliyofariki. Miaka sita haikuchanua, na sasa ilikuwa na matumba matatu.

"Hii sifungui. Niueni."

"Mnaona? Ndiyo yenyewe!"

Panga likashuka. Kifuu kikapasuka, na vidole viwili vya Praxeda vikaanguka pamoja na matumba. Ndani ya kaniki mlikuwa na mizizi tu. Wanaume wale wote, waoga wakubwa, wakatawanyika bila hata mmoja kumfunga kidonda. Aliyemfunga ni Maryam, kwa mtandio wake, naye mwenyewe bado anavuja damu.

Siku ya tatu askari walimleta Shaib hospitalini ili Praxeda amtambue.

"Shikamoo, mama. Kwa nini hukuifungua ile moja? Ningeamini."

"Kumi na moja hukuamini," Praxeda alisema. Kisha akamgeukia askari. "Ndiye huyu. Andika."