Mpaka Mjukuu Atambae

Kazi yangu hapa Johannesburg ni kuwaandaa watu kwa maswali ya uhamiaji. Mama mmoja wa Tanga alikuwa anakuja kumtunza bintiye aliyejifungua. Kwenye simu nilimkaririsha aseme atakaa mwezi mmoja, kama tiketi yake inavyoonyesha. Alikariri vizuri. Alipofika uwanja wa ndege, akamjibu afisa kama mama yeyote: "Nitakaa mpaka mjukuu atambae."

Wakamzuia. Bibi wa kuogesha kichanga, wakamwona mhalifu. Nilikuwa nje na bintiye, nikimtajia askari wa mlangoni vifungu vyote vya sheria, hata hakunitazama. Mama akanipigia kutoka ndani. Nilijua ataniuliza habari ya rufaa.

"Mwanangu, wananirudisha," akasema. "Sasa nani atamkanda binti yangu kwa maji ya moto?"