Kiwiko cha Bwana Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini, Ruaha Mbuyuni, Afisa Kilimo wa Wilaya aliniambia hata begi sijashusha: "Kijana, mkulima hasikilizi habari za mbolea kwa mtu asiyempa mkono. Salamu kwanza." Basi nikasalimia wakulima tuta kwa tuta, mashamba yote yale ya vitunguu.

Mwaka wa sita pikipiki ilinitupa mtaroni, nikaangukia bega la kulia. Mfupa uliunga, maumivu yakabaki. Daktari hakunificha: "Haya utaishi nayo, ndugu yangu." Niliogopa kitu kimoja tu, kutolewa shambani na kuwekwa ofisini kupanga mafaili. Mimi na meza wapi na wapi! Nikanyamaza.

Nilipohamishiwa Igowole nilikuwa nimeshapata ujanja. Kwetu huku, ukimpa mtu mkono kwa heshima, mkono wa kushoto unashika kiwiko cha kulia. Mimi nilikishika haswa, nikakibana ubavuni, mtu asije akautikisa mkono nikaona nyota mchana. Nilisalimia hivyo kila mtu, hata watoto wa chekechea. Wakanisifu: "Bwana shamba huyu ana adabu!" Kupiga bomba, yaani kunyunyizia dawa ya viwavijeshi kwa bomba la mgongoni, nilimwachia mwenye shamba, eti ajifunze kwa vitendo.

Ila salamu za watu wa Igowole zilikuwa legevu. Vidole vinagusa tu, basi. Wakulima wenye mikono ya jembe! Nikasema labda ni baridi.

Siku ya kuniaga walijipanga mstari. Mbele alikuwa Mama Zawadi, mkulima wa viazi. Hakushika kiwiko chake. Alipitisha kiganja cha kushoto chini ya kiwiko changu, akakibeba taratibu, ndipo akanipa wa kulia.

"Kamwene, bwana shamba," alinisalimia kwa lugha ya kwao. "Huo wa kushoto leo upumzike."

"Kumbe mlijua?"

"Jamani! Tangu masika ya kwanza. Ukikohoa tu, uso unakunjamana. Tukaambizana, huyu asibanwe mkono, na wakubwa wake wasisikie, watatunyang'anya."

Nikatazama nyuma yake. Mstari mzima walikuwa wameshatanguliza mikono ya kushoto, viganja juu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu, naishi Ipogolo, na bega linauma vilevile. Majirani ni watu wema, ila hawajanijua bado. Kiwiko nakishika mwenyewe.