Dubu wa Umwe Amefariki

Wasomaji wangu, Jumanne nililetewa habari kutoka Kibiti kwamba dubu wetu wa kijiji cha Umwe amefariki dunia, kitandani kwake, baada ya kunywa uji. Nililia, kisha nikacheka, nikaona haya, nikacheka tena. Alikuwa mkulima wa mpunga.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na mitumba ikaanza kumwagika hadi kwetu, robota moja lilifunguliwa sokoni Kibiti likatoa koti la manyoya meusi, refu hadi miguuni, lenye kofia. Kwa joto lile, hata wa kuligusa hakupatikana. Yeye akalinunua. Msimu uliotangulia nyani walimmalizia mpunga, watoto wake wakashindia mapapai, naye aliapa hayatajirudia. Basi kila mchana alishuka kutoka dunguni, kibanda chake cha juu cha kulindia shamba, akazunguka ndani ya manyoya huku jasho likimchuruzika. Nyani wakahama. Wapita njia nao wakahama, wakieneza habari za mnyama mweusi atembeaye kwa miguu miwili.

Wakati huohuo redio ikatangaza kwamba huko milima ya Himalaya watu wamemwona dubu asiyetambuliwa na wataalamu. Mwalimu mmoja wa baiolojia, mtu wa bara aliyehamishiwa kwetu, alipounganisha habari hizo mbili alikosa usingizi. "Kwani Rufiji tumepungukiwa nini?" aliniuliza. Tukaenda Umwe: mwalimu na kamera, bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, na bunduki, mimi na umbea wangu.

Mpunga ukatikisika, likasimama limnyama. Bwana nyama akainua bunduki. Limnyama likainua mikono.

"Asalaam aleikum! Jamani, msin'ue, mpunga wangu haujakomaa!"

Bwana nyama akaitikia salamu kabla hajajua anamwitikia nani.

"Dubu wa Himalaya hawasemi," mwalimu alinung'unika, karibu kulia.

"Ndo maana hawatambuliwi," dubu alijibu, akivua kofia. "Karibuni. Ila semeni polepole, nyani wasijue kuwa ni mie."

Tulicheka njia nzima. Leo nacheka kwa uchungu kidogo. Milango ya nchi ilipofunguliwa tulipata habari za dubu wa Himalaya kabla ya kujua kwamba jirani wa Umwe alikosa wali. Asiyetambuliwa, mara nyingi, ni mtu tuliyempita bila kumjulia hali.

Koti, nasikia, limenyonyoka mabegani. Baada ya hitima binti yake mkubwa alilivaa akashuka shambani, kwa sababu mpunga umeanza kutoa masuke na nyani bado hawajapata taarifa za msiba. Wasomaji, tafadhalini, tuwafiche.