Nini Kimebadilika, Anatoli?

Disketi ilifika Bariadi kwa basi la Mwanza siku ya Jumatano, ndani ya bahasha ya kaki, imebandikwa kikaratasi kimoja tu: "Toleo la 4. Weka leo." Eufrasia aliikung'uta bahasha, huenda kuna barua imenasa ndani. Hakikutoka kitu. Akasonya.

Ilikuwa Mei, mwaka 1999. Eufrasia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa Goodness, mzaliwa wa Binza kule Maswa, na zamani alikuwa mpiga taipu wa chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi wa pamba walipofunguliwa milango, ushirika ulidhoofu, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudishwa nyumbani na cheti cha shukrani. Alilima mpunga misimu miwili. Ndipo mradi wa chanjo ya mifugo ukamwajiri, kwa kuwa mji mzima ulijua vidole vyake havikosei. Wakamkalisha mbele ya kompyuta. Humo aliingiza kila mji, yaani kaya, na ng'ombe wake, kila kijiji na siku yake ya chanjo, na printa ikatoa barua za kwenda vijijini.

Programu yenyewe iliandikwa na mtaalamu mmoja wa Mwanza aitwaye Anatoli. Alikuwa fundi kweli, hilo Eufrasia hakulikataa. Ila hakuweza kuiacha programu yake itulie. Toleo la 2 lilihamisha mahali pa kuhifadhi kazi, Eufrasia akapoteza siku nzima ya kuandika. Toleo la 3 lilichanganya ndama na ng'ombe wakubwa. Mabadiliko ya Anatoli aliyajua kama mtu anavyoujua mwiba, kwa kuukanyaga.

Safari hii aliamua kuuliza kwanza. Akamwendea mkuu wa mradi, Dokta Januarius.

"Dokta, naomba nimpigie Anatoli aniambie nini kimebadilika, ndipo niweke."

"Mama Goodness, Mwanza wameshasema hili ni bora. Sisi tubishe kama nani? Weka, barua za Julai zitoke."

Akaweka. Barua zikatoka safi, zenye herufi nzuri kuliko za mwanzo, zikapelekwa.

Tarehe tisa Juni aliingia ofisini mzee mrefu, vumbi la Meatu limemjaa hadi kwenye nyusi. Aliitwa Mayige, mfugaji wa kijiji cha Lingeka.

"Mwangaluka, baba," Eufrasia akamwamkia huku akiinama kidogo.

"Mwangaluka." Mzee hakukaa. Alitoa barua kwenye koti, akaiweka mezani. "Hebu nisomee, maana wewe ndiye uliyeiandika. Tuliitwa lini?"

Eufrasia akasoma: 07/06/1999.

"Ni saba, mwezi wa sita," Mayige akasema. "Juzi. Niliswaga ng'ombe mia na kumi mpaka kwenye kibanio, pale wanapopangwa mstari kuchomwa sindano. Tulijaa watu wa miji kumi na minne. Tukasimama mpaka jua likageuka. Hakuna daktari, hakuna sindano, na maji hapo hakuna. Nimerudi nyumbani nimepungukiwa ndama wawili. Sasa nataka kumwona aliyetuita."

Eufrasia alifungua daftari lake. Lingeka ilikuwa tarehe sita Julai. Yeye aliandika sita ya mwezi wa saba, kompyuta ikatanguliza mwezi. Akamweleza mzee kadiri alivyoweza.

"Yaani mashine imegeuza siku?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe hukuona?"

Barua zile alizipitia zote, akakagua majina ya vijiji na ya wenyeviti herufi kwa herufi. Tarehe hakuzitazama, hazijawahi kumsaliti. Mayige aliichukua barua yake, akaikunja, akatoka bila kuaga.

Eufrasia akaivuta simu ya mezani. Mara ya tatu ndiyo ilishika.

"Aa, dada Eufrasia! Hiyo ni ndogo," Anatoli akasema. "Nimepata kompyuta mpya, hii inatanguliza mwezi. Nilisahau tu kukuambia. Nakutumia toleo la 5."

"Usinitumie toleo! Nitumie karatasi. Kila ulichogusa, kiandike."

"Dada, mimi natengeneza programu, si karani wa barua. Nikikaa kuandika, kazi ataifanya nani?"

"Ndama wa watu wamekufa, Anatoli."

Simu ikakatika. Kama ni laini au ni yeye, Eufrasia hakujua.

Aliitoa kabatini taipu ya zamani, akapiga barua zote upya, miezi akiitaja kwa maneno. Tarehe sita Julai wachanjaji walikwenda Lingeka na masanduku yao ya barafu. Wakaletewa ng'ombe thelathini na wanne. Mayige hakuja, wala majirani zake. Kwenye kikao, Dokta Januarius alisoma taarifa kwamba zoezi limekwama "kutokana na kosa la mwingizaji takwimu." Eufrasia alinyanyua mkono. Akaambiwa muda umekwisha.

Toleo la 5 lilikuja Agosti, na kweli lilikuja na karatasi. Katikati ya ukurasa mtupu palikuwa na mstari mmoja: "Marekebisho mbalimbali yamefanyika."

Eufrasia aliusoma mara mbili, akaibeba karatasi hadi kwa Dokta.

"Hili siliweki," akamwambia. "Nipe siku tatu. Ukiona nakosea, tafuta mwingine."

Dokta akatikisa kichwa, lakini akampa siku hizo. Eufrasia akatunga miji ishirini ya uongo, akaiingiza kwenye toleo la 4, akachapa. Akaiingiza kwenye toleo jipya, akachapa tena. Kisha akalaza karatasi mbili sambamba, akashuka mstari kwa mstari na rula. Alipata tofauti tisa. Tarehe zilikuwa zimepona, lakini ng'ombe wa kijiji cha Mkula walikuwa wamehesabiwa chini ya kijiji kingine. Akaziandika zote, nini kilikuwaje na sasa kikoje, akatuma nakala moja Mwanza na nyingine kwa Flora, mwenzake wa ofisi ya Maswa.

Flora akapiga siku hiyo hiyo aliyoipata. "Eufrasia, mimi hapa niko toleo la 3 bado, ndama na ng'ombe wakubwa wananichanganyikia kila siku! Nilikuwa nadhani ni mimi sijui kompyuta."

"Siyo wewe, mdogo wangu."

Mwaka uliofuata Anatoli alituma toleo la 6 na karatasi yenye mistari saba, imeandikwa vizuri, ina tarehe na sahihi. Dokta Januarius aliiinua juu kikaoni, akasema Mwanza wameanzisha utaratibu mzuri ambao kila ofisi iuige. Eufrasia alirudi mezani kwake, akachomoa rula, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Jumamosi saa sita mchana alilikuta badiliko la nane, ambalo Anatoli hakuliandika.

Akapiga simu.

"Hilo nililisahau, dada."

"Najua," Eufrasia akasema, akaliongeza kwa kalamu chini ya sahihi ya Anatoli.