Jinsi Ngatia Alivyopunguza Uzito wa Watu Wengine

Ngatia wa Gatitu hakujua kupenda kitu kimya kimya. Alipofuga kware, kila mteja aliyeingia dukani mwake kununua dawa ya kupe alitoka na hotuba juu ya mayai ya kware. Kware walipokufa akahamia kwenye uyoga. Uyoga nao ukaoza, naye akanyamaza siku kadhaa, mpaka mkewe Wacera akadhani Mungu amesikia maombi yake. Kumbe Mungu alikuwa anavuta pumzi tu. Ngatia alipeleka dawa za mifugo kwenye ranchi moja ya Nanyuki, akalala hotelini, na huko mzungu mmoja mwenye ndevu akamwonjesha bia aliyoipika kwa mikono yake.

Alirudi nyumbani mtu mwingine. Nyuma ya gari kulikuwa na ndoo za plastiki, mipira ya kuhamishia bia, kipimajoto, na gunia la shayiri alilozunguka mpaka Timau kulifuata. Shayiri ililoweshwa kwenye beseni la kufulia, ikaota vimizizi, ikaanikwa juu ya banda la kuku, kisha ikakaangwa kwenye ile sufuria ya Krismasi ambayo Wacera hakuwa akiwaazima hata dada zake. Chumba cha wageni kikawa kiwanda. Mahali palipokuwa na kitanda pakapangwa mitungi ya glasi, ikibubujika mchana na usiku kama watu wanaosengenya.

"Hii si pombe," Ngatia aliwaambia watu. "Pombe ni ya walevi. Hii ni sanaa."

Mzee wa nyumba kumi alipokuja kuangalia ni sanaa ya namna gani, alionjeshwa, akaonjeshwa tena, akaenda zake akiimba wimbo wa kanisa. Lakini mwonjaji mkuu alikuwa Theuri, mwenye bucha ya jirani. Kila Jumamosi Theuri alikuja na mbavu za mbuzi, kwa sababu, kama Ngatia alivyoeleza, kuonja bia na tumbo tupu ni kinyume cha sayansi.

Sayansi ikaanza kuonekana. Wacera alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na ndiye aliyeipanua suruali ya mumewe ya Jumapili mpaka kitambaa cha kupanulia kikaisha. "Baba Lynn," alimwambia siku moja, sindano ikiwa mdomoni, "hii nguo imefika mwisho. Sasa ni wewe urudi nyuma."

Hakurudi. Alisubiri mpaka alipoishiwa na pumzi akipanda ngazi za benki, ndipo akakubali kwenda kliniki. Nesi alimpima presha, akaipima tena, akamtazama.

"Mzee, unakunywa?"

"Hapana. Naonja."

"Unaonja na kijiko ama na jagi?"

Ngatia akashusha mkono wa shati. Aliambiwa apunguze uzito, apunguze bia, afanye mazoezi. Njiani kurudi nyumbani akalipepeta agizo hilo kama mtu anayepepeta maharagwe, na alipofika Gatitu yalikuwa yamebaki maneno aliyoyapenda tu.

Akaitisha mkutano sebuleni: mkewe na binti yao Lynn, aliyekuwa nyumbani akingoja kuingia chuo.

"Daktari amesema tupunguze uzito."

"Nani apunguze?" Wacera akauliza.

"Familia. Magonjwa haya hutembea kwa familia."

Akawaeleza juu ya kalori. Mwili, alisema, ni kama duka: rafu zina nafasi zake. Bia ikichukua rafu moja, lazima kitu kingine kitoke. Basi kuanzia siku hiyo chapati zimetoka. Mafuta yametoka. Sukari kwenye chai imetoka, na mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, utaonekana kwenye matanga ya watu wengine.

"Na bia?" Lynn akauliza.

"Bia ni utafiti. Utafiti haukatizwi katikati."

"Ati utafiti!" Lynn akaangua kicheko. Mama yake hakucheka. Alikuwa ameshakanda unga wa chapati jioni ile, umefunikwa jikoni, na Ngatia alimsimamia mpaka akaupeleka kwa jirani.

Kesho yake kabla jua halijapanda waliamshwa kwa filimbi. Ngatia alisimama mlangoni na suti mpya ya mazoezi, nyekundu, yenye mstari mweupe ulioteremka ubavuni mpaka ukafika tumboni ukapotea njia. Aliwaongoza kwa kishindo kwenye barabara ya Kiganjo. Baadaye kidogo alikuwa katikati yao. Baadaye zaidi alikuwa nyuma. Wiki iliyofuata aliwangojea langoni, kikombe mkononi, akasema yeye ni kocha, na kocha hakimbii.

Lynn alivumilia siku chache, kisha akaanza kusema goti linamuuma. Wacera naye mwanzoni alikimbia kwa hasira tupu, leso kiunoni, akimlaani mumewe kila anapokanyaga. Lakini hasira ni mafuta mazuri. Ilimfikisha kwenye kona, kisha kwenye mteremko, na asubuhi moja ya baridi, mlima ukiwa wazi mpaka kwenye theluji, akagundua kwamba amekimbia mbali sana bila kumfikiria Ngatia hata kidogo. Alisimama, akajicheka, akaendelea. Huko barabarani akakutana na Wakonyo, muuza mboga wa sokoni, na wanawake wenzake waliokimbia kila asubuhi. Wakampa nafasi katikati yao, na viatu vya zamani vya mmoja wao vikamtosha.

Miezi ikapita. Mashavu ya Wacera yalichongeka, na nguo zake mwenyewe akawa anazipunguza kwa mashine yake. Ngatia naye, aliyekula sukuma wiki na viazi vya kuchemsha mezani na mbavu za Theuri nyuma ya nyumba, aliendelea kuumuka kama unga wenye hamira. Wateja dukani walipoulizia tumbo lake, alisema, "Mtazameni mke wangu. Hiyo ni kazi yangu."

Basi ikatangazwa mbio za hisani huko Nanyuki, za kuchangia zahanati. Ngatia akawaandikisha wote watatu, na akaandika kwenye kundi la simu la mtaa: "Familia ya Ngatia, matunda ya nidhamu."

Siku ya mbio alisimama mstari wa mbele na suti yake nyekundu, akiwapungia watu. Mlio wa kuanzia ulipolia, umati ukampita kama maji yanavyolipita jiwe. Alijikokota mpaka karibu na soko la mifugo, akaona nyota mchana, akakaa chini kando ya barabara. Hapo palikuwa na Muse, mfanyabiashara wa mifugo, aliyekuwa akingoja barabara ifunguliwe ili apitishe pikapu yake ya kondoo. Muse akamletea maji.

"Mzee wangu, pole. Umekula nini leo?"

"Hakuna," Ngatia akahema. "Mimi nimejinyima, ndugu yangu. Tangu mwaka uanze sijaonja chapati."

Muse alimtazama usoni, kisha akateremsha macho polepole. "Wallahi? Sasa hii tumbo ni ya nani?"

Ngatia akayanywa maji yote. Kwenye kiti cha mbele cha pikapu alikuwa mke wa Muse, Istahil, na mtoto amelala mapajani. Hivyo barabara ilipofunguliwa, Ngatia alipandishwa nyuma pamoja na kondoo, nao wakamsogelea kutafuta joto.

Pikapu ilifika uwanjani wakati zawadi zinatolewa. Wacera alikuwa amemaliza wa tatu kati ya wanawake waliopita miaka arobaini, na mtangazaji alikuwa amemshika mkono.

"Mama, tuambie, nani alikufundisha kukimbia?"

Ngatia, akishuka na sufu kwenye nywele, aliinyoosha suti yake. Lynn alifunika uso kwa viganja.

Wacera akafikiri kidogo. "Hakuna mtu," alisema kwenye kipaza sauti. "Mimi nakimbia kwa sababu huko barabarani hakuna mtu wa kuniambia nisikule."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kondoo wakashtuka.

Nyumbani, jioni, Wacera alipika chapati bila kuomba ruhusa. Alimimina mafuta kwa kikombe. Ngatia akaenda chumba cha wageni akarudi na chupa, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuomba msamaha. Akammiminia mkewe gilasi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Wacera akanywa kidogo. Akanywa tena. Uso wake ukabadilika, lakini si kama alivyotarajia Ngatia.

"Ni tamu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naomba iwe mbaya. Sufuria yangu, chumba yangu, chapati zangu, zote zimeenda kwa hii kitu. Na ni tamu hivi, na hujawahi kunipea hata tone?"

Ngatia akaifuta chupa kwa kiganja. "Nilidhani itakunenepesha."

Lynn aliacha kutafuna. Wacera aliweka gilasi mezani taratibu, akalitazama tumbo la mumewe, akamtazama machoni, na akakaa hivyo mpaka Ngatia akashusha kichwa.

"Sikiliza sheria mpya, Baba Lynn," alisema. "Kwa hii nyumba, bia ni ya mwenye kutoka jasho."

Jumamosi iliyofuata Wakonyo na wenzake walimaliza mbio zao uani kwa Ngatia. Walikuwa na kiu ya kweli. Theuri alipotokea na mbavu alipokelewa vizuri sana, mbavu zikaliwa, na yeye akapewa kiti kilichovunjika mguu. Mtungi mmoja uliisha kabla Ngatia hajakaa. Akafungua wa pili. Alipogeuka kutafuta gilasi yake, Wakonyo alikuwa anainywea.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Ngatia alipika kwa bidii kuliko zamani na kuonja kidogo kuliko zamani, na ili apate haki ya gilasi moja akaanza kutembea na kina mama mpaka kwenye kona ya kwanza, kisha ya pili. Suruali ikalegea. Wacera akaipunguza bila kusema neno.

Wakulima wa Gatitu wanaokwenda kununua dawa ya kupe husimuliwa na Ngatia siku hizi jinsi alivyoupunguza mwili wake kwa mpango na nidhamu, na jinsi alivyoanzisha klabu ya wanawake wakimbiaji. Hupewa hata mchoro wa rafu za duka. Wacera, akipita na viatu vyake mkononi, humsikia, na huendelea na safari.