Mkono Ndani ya Kinu

Nimekulia mahali ambapo mkono ulikuwa wa kupigia. Baba alifanya kazi mgodini, juu ya Kasese, na tuliishi katika nyumba za wafanyakazi, ukuta mmoja kwa familia mbili. Siku ya mshahara ulimsikia jirani akimpiga mkewe kabla hujamsikia baba akimpiga mama. Shuleni mwalimu alitupiga vidole kwa ukingo wa rula. Nilimaliza sekondari nikijua Kiingereza, hesabu, na namna ya kukwepa kofi. Sikukwepa vizuri. Jino moja la mbele sina.

Nikaolewa na dereva wa lori, akanileta Bwera, karibu na mpaka. Yeye hakunipiga, na nadhani ndiyo sababu nilimpenda. Lakini mimi nilikuwa nimejaa hasira. Mtoto akilia, kiganja kiliniwasha. Muuza samaki aliponipa samaki aliyeoza, nilimrushia usoni.

Nilijiunga na kiwanja cha kinamama waliotwanga muhogo mkavu kuwa unga wa kuuza sokoni. Wengi walikuwa Wakongo waliokimbia mauaji upande wa Beni na Butembo miaka ya sitini, wakabaki. Kinu chetu kilikuwa gogo la kimo cha goti, mdomo wake mpana kama karai. Wawili walisimama na michi: wangu ukishuka, wako unapanda. Wa tatu aliketi chini, na katika ile nafasi ndogo kati ya mchi na mchi alitia mkono ndani, akageuza vipande, akautoa.

Sheria ya kiwanja ilikuwa moja. Anayefika na hasira hapewi mchi. Huyo ndiye anayetia mkono.

Mkuu wetu alikuwa mama wa Butembo mwenye mabega ya mpakia mizigo. Alitafuna tumbaku na alitukana vizuri. Tulimwita mama mukubwa. Vidole vyake viwili vya kulia vilikuwa vimepinda, na hakuvificha. Siku yangu ya kwanza alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Weye umepigana na nani?"

"Sijapigana na mtu."

"Basi uko njiani kupigana. Keti. Tia mukono."

Nikamwambia huo ni ukatili. Nilisema kwa Kiswahili cha darasani, na wanawake wakacheka.

"Mama ya sekondari," mmoja akasema, "hii kinu haikuenda masomo. Itakula vidole yako na diploma yako pamoja."

Nikaketi. Michi ikaanza. Mimi nilikuwa bado sokoni, namwambia muuza samaki maneno niliyosahau kumwambia, na mchi ukanichuna ngozi ya kidole. Nilipiga ukelele. Mama mukubwa hakuacha kutwanga.

"Mukono yako iko hapa. Kichwa yako iko wapi?"

"Kwa muuza samaki."

"Muambie yeye akuje atie mukono."

Nilirudi kesho yake kwa ubishi tu, na bado nilikuwa na hasira, nikaketi tena. Ndipo nikajua kazi ile ni nini. Mti mzito unapita kando ya kifundo cha mkono wako, unasikia upepo wake kwenye vinyweleo. Huwezi kumkumbuka baba. Huwezi kupanga tusi la jioni. Kuna mti, kuna unga, kuna mkono wako mwenyewe, na pumzi yako imejifunza kwenda nao bila kuambiwa. Nikiinuka pale hasira bado ninayo, lakini inakuwa kitu nilichokibeba, si kitu kilichonibeba mimi. Hata nyumbani, mtoto alipolia na mkono wangu ukapanda, nilianza kuutazama ule mkono. Mara nyingi ulishuka wenyewe.

Mama mukubwa aliporudi kwao kumuuguza mama yake, aliniachia mchi wake na ukuu wa kiwanja. Kulikuwa na wakubwa kuliko mimi, wakanuna.

"Kuko wenye nguvu mingi hapa," akawaambia. "Lakini huyu anajua hasira inaingiaka kwa mulango gani."

Shuleni tulifundishwa kwamba kiongozi husimama mbele akapaza sauti. Pale kiongozi alifika wa kwanza akatazama watu. Nani amefunga kitambaa ovyo, nani amesalimia ardhi badala ya mtu. Kisha nilitamka, "Wewe, keti," na mchi wa kwanza niliushika mimi, kila siku, maana anayekuhukumu ndiye anayepaswa kuangalia asikuvunje.

Halafu jeshi likashika nchi, na wanajeshi wakaweka gogo barabarani karibu na mpaka. Walitafuta kahawa ya magendo. Siku moja mchana walilisimamisha lori la mume wangu, wakaenda moja kwa moja kwenye magunia ya chini, yale ya kahawa.

"Shuka, mbwa wewe."

"Ndiyo, afande."

"Unashikia gia mkono gani?"

Akawaonyesha wa kushoto, maana ndio. Hawakuamini, wakaona anawadanganya, wakaulaza wa kulia juu ya bampa na kuupiga kwa kitako cha bunduki. Wakacheka, kisha wakaupiga tena. Alirudi nyumbani kwa miguu, mkono ameufunga ndani ya shati. Nilipoushika ulikuwa kama mfuko wa changarawe.

Akaniambia nani alisimama na wanajeshi akilionyesha lori lake kwa kidole. Alikuwa mwanamke wa kiwanja chetu, jirani wa nyumba ya tatu. Nilikuwa nimempa chumvi wiki ileile.

"Alikuwa anatetemeka," mume wangu akasema.

"Sikukuuliza kama alitetemeka."

Mwanamke yule alipotea kiwanjani kwa muda. Kisha asubuhi moja akaja. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, mdomo umepasuka. Mumewe alikuwa amempiga kwa sababu ameonekana na wanajeshi. Alisalimia ardhi. Taya lake lilikuwa limekaza, na kila mtu aliona ni nani aliyefika na hasira.

Wakanigeukia mimi.

"Keti," nikasema. "Tia mkono."

Mmoja akanong'ona, "Leo bugali itakuwa na nyama ndani." Wawili wakacheka.

Mwenzangu wa mchi wa pili, mama wa Beni, akaniinamia, akaniita dada kwa lugha ya kwao. "Yaya, weye uko na hasira kushinda yeye."

"Najua. Twanga."

Tukaanza. Mkono wa yule aliyeketi ulikuwa na alama ya moto kwenye kidole gumba na unga kwenye mikunjo. Kila mchi wangu ulipopanda nilisikia mifupa ya mume wangu ikisagana. Nilikuwa na sababu, nilikuwa na mti, na watu wote wangesema ni ajali, kazi ya kinu ina ajali. Nilikitafuta kile kidole kilichoonyesha lori, nikakiona, nikawa sioni kingine. Mkono uliingia, ukatoka. Ukaingia, ukatoka. Ukaingia.

Ukabaki.

Aliuacha mle ndani ya kinu, umefunguka. Mchi wangu ulikuwa tayari unashuka. Kama kichwa changu kingekuwa mbali, kwenye bampa la lori, ungemfikia. Lakini nilikuwa nautazama ule mkono tu, hata kama niliutazama kwa ubaya, nikaona umesimama. Nikapindisha mchi. Ukagonga ukingo, kipande cha kinu kikaruka, bega langu likauma mpaka nikaona nyota.

"Toa mkono," nikasema.

"Piga." Hakuniangalia. "Waliweka bunduki kwa kichwa ya mutoto wangu. Piga, tumalize."

"Inuka."

Hakuinuka. Nikamwinua kwa kumshika nguo, kwa nguvu, si kwa upole, sitadanganya. Nikamtia mchi mikononi. Kisha nikaketi mahali pake, bado pana joto, nikatia mkono wangu ndani ya kinu.

Mama wa Beni akasema, "Huyu anaona na jicho moja."

"Naye aone nalo," nikasema. "Twangeni."

Mchi wake ulitetemeka pigo la kwanza, na la pili. Kisha ukatulia. Mimi sikumfikiria. Kulikuwa na mti, unga, na nafasi ndogo katikati. Mara moja alinigusa ukucha, ukawa mweusi kwa muda mrefu. Hakuomba radhi na mimi sikuutoa mkono mpaka muhogo wote ulipokuwa unga.

Sikumsamehe. Mpaka leo tunapishana njiani bila salamu, ila kiwanjani anatwanga na mimi nageuza, au mimi natwanga na yeye anageuza.

Jioni ile nilichukua fungu langu la unga nikasonga obundu, ugali wa huku. Mume wangu alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, tonge likimdondoka mara kwa mara. Hasira ikanijia tena palepale. Nikaweka mkono wangu mezani, nikautazama, mpaka alipomaliza kula.